Fahamu Kanuni za Ukazi wa Kikodi katika Majimbo ya Marekani kwa Wanafunzi wa Kigeni

Mwanafunzi wa Kitanzania anayesoma katika chuo kikuu nchini Marekani anaweza kuwa si mkazi wa kikodi mbele ya serikali ya shirikisho na, katika mwaka huohuo, akawa mkazi wa kikodi mbele ya serikali ya jimbo anamoishi. Hali zote mbili ni halali na hazipingani. Kila moja ina sheria yake, fomu yake na tarehe yake ya mwisho.

Kutotofautisha hali hizo mbili ni chanzo kikubwa cha makosa. Wapo wanaowasilisha ritani ya shirikisho na kuamini kwamba wamemaliza wajibu wao, kumbe jimbo bado linawasubiri. Wapo wanaojaza fomu ya mkazi kwa sababu mwenzao wa chumbani, raia wa Marekani, ndivyo alivyojaza. Wapo pia wanaoacha fedha zao zilizokatwa kwenye mshahara bila kudai marejesho, kwa kutojua kwamba jimbo lilikuwa na deni kwao.

Ufafanuzi huu unaeleza jinsi majimbo yanavyoamua nani ni mkazi wa kikodi, tofauti zilizopo kati ya jimbo na jimbo, na mambo ambayo mwanafunzi kutoka Tanzania anapaswa kuyazingatia kabla ya kuwasilisha ritani.

Neno moja, mamlaka nne

Ugumu huanzia kwenye neno "mkazi". Nchini Marekani neno hilo hutumiwa na mamlaka nne, na kila moja hulipa maana yake.

Mamlaka za uhamiaji humtambua mwenye viza ya F-1 au J-1 kuwa mgeni aliyeingia kwa muda na kwa lengo maalumu, hata kama masomo yake yatachukua miaka saba. Idara ya Mapato ya Marekani (IRS) huangalia idadi ya siku na miaka aliyokaa nchini. Idara ya mapato ya jimbo huangalia maskani yake, makao yake na siku alizokaa ndani ya mipaka ya jimbo. Chuo nacho kina kanuni za kuamua nani alipe ada ya wenyeji wa jimbo na nani alipe ada ya wageni.

Jibu la mamlaka moja haliifungi nyingine. Mwanafunzi anayewasilisha ritani ya jimbo kama mkazi hapati kwa sababu hiyo ada nafuu ya wenyeji, wala hapati hadhi ya ukazi wa kudumu wa uhamiaji. Vilevile, kujaza fomu hiyo pale sheria ya jimbo inapomtaka afanye hivyo si kukiuka masharti ya viza.

Hatua ya kwanza: hadhi mbele ya serikali ya shirikisho

Karibu kila ritani ya jimbo huanza kwa tarakimu zilizotoka kwenye ritani ya shirikisho. Kwa hiyo hadhi ya shirikisho ndiyo inayotangulia kupatikana.

Kwa mujibu wa sheria ya kodi ya Marekani, mgeni huwa mkazi wa kikodi kwa njia mbili kuu: kuwa na kadi ya kijani, au kutimiza kipimo cha siku. Kipimo hicho humtaka awe amekaa nchini angalau siku 31 katika mwaka husika na kufikisha jumla ya siku 183 katika kipindi cha miaka mitatu. Katika kupata jumla hiyo, siku za mwaka husika huhesabiwa zote, za mwaka uliotangulia huhesabiwa theluthi moja, na za mwaka wa nyuma zaidi huhesabiwa sehemu moja ya sita.

Mwanafunzi mwenye viza ya F, J, M au Q anayetimiza masharti ya viza yake hahesabiwi siku hizo kwa miaka mitano ya kalenda. Sehemu yoyote ya mwaka huchukuliwa kuwa mwaka mzima. Aliyetua Agosti amekwisha kutumia mwaka mmoja kati ya mitano ifikapo tarehe 31 Desemba. Miaka aliyowahi kuishi Marekani kama mwanafunzi katika safari ya awali nayo hujumlishwa.

Katika miaka hiyo mitano mwanafunzi huwasilisha fomu 1040-NR ikiwa alikuwa na mapato yanayotozwa kodi, pamoja na fomu 8843 inayoeleza kwa nini siku zake hazihesabiwi. Fomu 8843 huwasilishwa hata na mwanafunzi ambaye hakupata kipato chochote.

Kwa nini majimbo hayafuati kanuni moja

Majimbo ya Marekani yana mamlaka yao ya kutoza kodi, na hayakuyapata kutoka Washington. Jimbo la Wisconsin lilitunga sheria yake ya kodi ya mapato mwaka 1911, miaka miwili kabla ya Marekebisho ya 16 ya Katiba ya mwaka 1913 yaliyofungua njia ya kodi ya mapato ya shirikisho ya sasa. Tangu hapo kila jimbo limejiwekea viwango, misamaha na tafsiri ya ukazi.

Majimbo tisa hayatozi kodi ya mapato kwenye mshahara wa kawaida wa mwanafunzi: Alaska, Florida, Nevada, New Hampshire, South Dakota, Tennessee, Texas, Washington na Wyoming. Anayeishi na kufanya kazi katika majimbo hayo pekee hana ritani ya jimbo ya kuwasilisha kwa ajili ya mshahara wake. Majimbo 41 yaliyosalia pamoja na Wilaya ya Columbia, ulipo mji mkuu, hutoza kodi hiyo.

Msamaha wa miaka mitano uliotajwa hapo juu ni kanuni ya shirikisho. Jimbo halilazimiki kuufuata linapoamua nani ni mkazi wake, na majimbo kadhaa makubwa hayaufuati.

Vipimo viwili: maskani na makao

Pamoja na tofauti zilizopo, majimbo mengi hutumia vipimo viwili.

Kipimo cha kwanza ni maskani ya kudumu. Maskani ni mahali ambapo mtu anapahesabu kuwa kwake, mahali anakokusudia kurejea kila anapoondoka. Mtu huwa na maskani moja tu kwa wakati mmoja, na haibadiliki mpaka ahamie kwingine kwa nia ya kubaki huko. Kwa mwanafunzi mwenye viza ya F-1 au J-1, kipimo hiki kwa kawaida huonyesha kwamba maskani yake ni nyumbani. Sheria ya uhamiaji yenyewe humtaka mwombaji wa viza hizo awe na makazi nchini kwake ambayo hana nia ya kuyaacha. Mwanafunzi aliyethibitisha hilo ubalozini jijini Dar es Salaam ana hoja nzuri kwamba maskani yake hayajahamia Boston au Los Angeles.

Kipimo cha pili hakiulizi nia. Huuliza mambo mawili: je, mtu huyo alikuwa na makao ya kudumu ndani ya jimbo, na je, alikaa humo zaidi ya siku 183 katika mwaka? Jibu likiwa ndiyo kwa yote mawili, mtu huyo huwa mkazi kwa mujibu wa sheria, hata kama maskani yake ni Mwanza na tiketi ya kurudi iko mfukoni. Kipimo hiki cha pili ndicho kinachowanasa wanafunzi wengi bila wao kujua.

Hesabu ya siku katika mwaka wa masomo

Wanafunzi wengi hudhani kwamba kurudi nyumbani kila likizo ndefu kunatosha kuwaweka chini ya siku 183. Hesabu inaonyesha vinginevyo.

Mwanafunzi aliyewasili tarehe 20 Agosti huwa amekaa siku 134 ifikapo tarehe 31 Desemba. Katika mwaka huo wa kwanza yuko chini ya siku 183, na kwa kipimo cha pili si mkazi.

Mwaka wa pili hali hubadilika. Akikaa kuanzia tarehe 1 Januari hadi 15 Mei hupata siku 135. Akirudi tarehe 20 Agosti na kubaki hadi mwisho wa mwaka huongeza siku 134. Jumla ni siku 269, ingawa alitumia likizo yote ya katikati ya mwaka akiwa nyumbani. Katika majimbo mengi, sehemu ya siku huhesabiwa kuwa siku nzima, hivyo siku ya kuondoka na siku ya kurejea zote huingia kwenye hesabu.

Kwa mwanafunzi wa aina hiyo, siku peke yake hazimwokoi. Linalobaki ni swali la makao: je, chumba cha bweni au nyumba aliyopanga ni makao ya kudumu kwa tafsiri ya jimbo husika? Hapo ndipo majimbo yanapotofautiana zaidi.

Mifano kutoka majimbo manne

*New York.* Jimbo hili humhesabu kuwa mkazi mtu mwenye makao ya kudumu kwa karibu mwaka wote na aliyekaa siku 184 au zaidi. Hata hivyo, kanuni zake zinaeleza kwamba makao ya mwanafunzi wa muda wote anayesomea shahada ya kwanza, anayoyatumia wakati akihudhuria chuo, si makao ya kudumu. Msamaha huo haukuwataja wanafunzi wa uzamili na uzamivu.

Matokeo yake ni kwamba Watanzania wawili wanaweza kupanga nyumba katika mtaa mmoja, wakakaa idadi ileile ya siku na wote wakawasilisha fomu 1040-NR kwa serikali ya shirikisho, lakini wakatofautiana mbele ya jimbo. Wa shahada ya kwanza, akiwa na mapato yanayomlazimu kuwasilisha, hutumia fomu IT-203 ya asiye mkazi. Wa uzamivu anaweza kulazimika kutumia fomu IT-201 ya mkazi. Akiwa anaishi ndani ya Jiji la New York, huyo wa uzamivu hudaiwa pia kodi ya mapato ya jiji, ambayo viwango vyake ni kati ya asilimia 3.078 na 3.876. Asiye mkazi wa jiji hadaiwi kodi hiyo.

*California.* Sheria ya jimbo hili humwita mkazi mtu aliyepo California kwa lengo lisilo la muda mfupi wala la kupita. Aliyekaa humo zaidi ya miezi tisa katika mwaka hudhaniwa kuwa mkazi, na ni juu yake kuthibitisha vinginevyo. Mwanafunzi wa siku 269 katika mfano uliotangulia huangukia chini kidogo ya miezi hiyo tisa. Akibaki jimboni wakati wa likizo kwa ajili ya kazi au utafiti, huuvuka mpaka huo.

California ina sharti jingine la kuzingatiwa. Mkazi wa jimbo hutakiwa kuonyesha mapato yake ya dunia nzima, hata kama kwa serikali ya shirikisho si mkazi na ameonyesha mapato ya Marekani pekee. Mwanafunzi mwenye kodi ya pango ya nyumba Arusha au riba ya akaunti ya benki Dodoma anapaswa kulijua hilo kabla ya kuchagua kati ya fomu 540 ya mkazi na fomu 540NR ya asiye mkazi.

*Massachusetts.* Kipimo cha jimbo hili ni makao ya kudumu pamoja na zaidi ya siku 183, zikiwemo zile ambazo mtu alikuwa jimboni kwa sehemu tu ya siku. Mwanafunzi anayepanga nyumba kwa mwaka mzima huweza kuingia katika kundi la wakazi na kujaza fomu 1, badala ya fomu 1-NR/PY ya wasio wakazi na wakazi wa sehemu ya mwaka. Mshahara hutozwa asilimia 5.

*Pennsylvania.* Kiwango cha kodi ni asilimia 3.07 kwa kila mtu, bila ngazi. Kiwango hicho ni cha chini, lakini wajibu wa kuwasilisha ritani huanza mapema sana: aliyepata pato ghafi linalozidi dola 33 katika mwaka na lenye kutozwa kodi hutakiwa kuwasilisha. Mwanafunzi aliyefanya kazi maktaba kwa wiki moja tu huweza kuivuka idadi hiyo. Baadhi ya serikali za mitaa katika jimbo hilo nazo hutoza kodi yao kwenye mshahara.

Mafunzo kwa vitendo katika jimbo jingine

Wanafunzi wengi huenda jimbo jingine wakati wa likizo kwa ajili ya mafunzo kwa vitendo yenye malipo. Kanuni ya jumla ni kwamba mshahara hutozwa kodi kwanza na jimbo ambamo kazi ilifanyika.

Anayesoma Texas na kufanya kazi California kwa wiki kumi huwasilisha California fomu 540NR kwa mshahara alioupata huko, ikiwa umefikia kiwango cha kuwasilisha. Texas haina kodi ya mapato, hivyo hakuna ritani ya pili.

Mkazi wa Massachusetts aliyefanya kazi New York huwasilisha ritani mbili: ya asiye mkazi New York, na ya mkazi Massachusetts. Ili mshahara uleule usitozwe mara mbili, hudai Massachusetts nafuu ya kodi aliyolipa jimbo jingine. Nafuu hiyo haiji yenyewe. Lazima idaiwe kwenye ritani na kuambatana na nakala ya ritani ya jimbo la pili pale inapotakiwa. Miezi aliyokaa New York pia hupunguza siku zake za Massachusetts, na huenda ikamshusha chini ya siku 183.

Wilaya ya Columbia ina utaratibu wake. Haiwatozi wasio wakazi kodi kwenye mshahara walioupata humo. Mwanafunzi anayetoka jimbo jingine kufanya mafunzo katika taasisi ya kimataifa jijini Washington, na mwajiri akamkata kodi ya Wilaya kimakosa, hudai marejesho kwa fomu D-40B.

Mshahara wa kazi iliyofanyika nje ya Marekani ni suala tofauti. Asiye mkazi wa shirikisho anayemfanyia kazi profesa wake akiwa Morogoro wakati wa likizo hupata kipato kinachohesabiwa kutoka Tanzania, si Marekani, kwa sababu chanzo cha mshahara ni mahali kazi ilipofanyika.

Ufadhili wa masomo

Kwa mujibu wa sheria ya shirikisho, sehemu ya ufadhili inayolipia ada na vitabu vya lazima kwa mwanafunzi anayesomea shahada haitozwi kodi. Sehemu inayolipia chumba, chakula na nauli hutozwa, na chuo kwa kawaida hukata asilimia 14 kwa mwenye viza ya F au J asiye mkazi. Malipo hayo huonyeshwa kwenye fomu 1042-S. Malipo ya kazi ya ufundishaji au utafiti msaidizi ni mshahara na huonyeshwa kwenye fomu W-2. Mwanafunzi anaweza kupokea fomu zote mbili kwa mwaka mmoja, na ritani ya jimbo huandaliwa baada ya zote kupatikana.

Mikataba ya kodi

Marekani imeingia mikataba ya kodi na nchi kadhaa, na baadhi huwapa wanafunzi nafuu. Mwanafunzi kutoka China husamehewa dola 5,000 za mshahara kwa mwaka kwa mujibu wa mkataba wa nchi hizo mbili. Mwanafunzi kutoka India huruhusiwa kutumia punguzo la kawaida ambalo wasio wakazi wengine hawalipati.

Tanzania haina mkataba wa aina hiyo na Marekani. Hali ni hiyohiyo kwa Kenya na Uganda. Kwa sababu hiyo Mtanzania hapaswi kunakili fomu ya mwanafunzi mwenzake kutoka Beijing, Mumbai au Cairo, hata kama wanasoma darasa moja na kulipwa mshahara sawa.

Aidha, mikataba hiyo kwa kawaida hugusa kodi ya shirikisho pekee. California, New Jersey na Pennsylvania ni miongoni mwa majimbo yasiyotambua misamaha ya mikataba hiyo. Mtanzania mwenye uraia wa Tanzania pekee hapotezi kitu hapo, lakini mwenzi wake wa ndoa kutoka nchi yenye mkataba anaweza kuguswa.

Makato ya kazini

Mwanafunzi wa F-1 au J-1 asiye mkazi wa shirikisho hapaswi kukatwa michango ya hifadhi ya jamii ya Marekani kwenye kazi inayoruhusiwa na viza yake. Michango hiyo ni asilimia 6.2 kwa ajili ya pensheni na asilimia 1.45 kwa ajili ya bima ya afya ya wazee, jumla asilimia 7.65 ya mshahara. Msamaha huu huendelea katika kipindi cha mafunzo kwa vitendo baada ya kuhitimu, alimradi bado yumo ndani ya miaka mitano. Aliyekatwa kimakosa huanza kumwomba mwajiri amrejeshee. Ikishindikana, hudai IRS kwa fomu 843.

Kodi ya jimbo ni jambo jingine. Mwajiri ataikata, na fomu ya maelekezo ya makato huwa ya jimbo lenyewe katika baadhi ya majimbo, kama IT-2104 ya New York na DE 4 ya California. Mwanafunzi aliyekatwa zaidi ya anachodaiwa hurejeshewa, lakini kwa kuwasilisha ritani tu. Muda wa kudai una mwisho: katika serikali ya shirikisho ni miaka mitatu kwa kawaida, na California huruhusu miaka minne.

Mwaka wa sita

Wanafunzi wa uzamivu, na wale wanaounganisha shahada ya kwanza na ya pili, wanapaswa kuuangalia mwaka wa sita kwa makini.

Aliyewasili Agosti 2021 kwa mara ya kwanza alitumia miaka ya 2021, 2022, 2023, 2024 na 2025. Kuanzia tarehe 1 Januari 2026 siku zake zinahesabiwa. Asipotoka nchini, hufikisha siku 183 tarehe 2 Julai 2026, na huwa mkazi wa kikodi wa shirikisho kuanzia tarehe 1 Januari ya mwaka huo. Ritani yake hubadilika kutoka 1040-NR kuwa 1040, mapato yake ya dunia nzima huingia kwenye hesabu, na msamaha wa hifadhi ya jamii wa miaka mitano hukoma. Sheria inampa mwanafunzi nafasi ya kuieleza IRS kwamba bado ana uhusiano wa karibu zaidi na nchi yake na hana nia ya kuishi Marekani moja kwa moja, lakini maelezo hayo lazima yathibitishwe.

Mabadiliko hayo hushuka hadi jimboni, kwa kuwa ritani ya jimbo hujengwa juu ya ile ya shirikisho. Katika jimbo ambalo mkazi alikuwa akitozwa kwa mapato ya Marekani pekee, mapato ya Tanzania sasa huingia pia.

Wajibu nyumbani

Kuwa Marekani hakuondoi moja kwa moja ukazi wa kikodi wa Tanzania. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura 332, humhesabu mtu binafsi kuwa mkazi ikiwa ana makao ya kudumu Tanzania na amekuwapo nchini kwa sehemu yoyote ya mwaka wa mapato. Humhesabu pia aliyekuwapo siku 183 au zaidi, au aliyekuwapo kwa wastani unaozidi siku 122 katika mwaka huo na katika kila mmoja wa miaka miwili iliyotangulia.

Mwanafunzi wa mfano wa siku 269 huwa na siku 96 za kukaa nyumbani kila mwaka. Hazifiki 183 wala 122. Hata hivyo, akiwa na makao ya kudumu Tanzania, likizo hiyo inatosha kumfanya mkazi. Mkazi hutozwa kwa mapato yake ya ndani na nje ya nchi, na sheria hiyohiyo inatoa nafuu kwa kodi ya mapato iliyolipwa nje. Kwa kuwa hakuna mkataba kati ya nchi hizi mbili, uthibitisho wa kodi iliyolipwa Marekani ndio kinga kuu ya mwanafunzi dhidi ya kutozwa mara mbili. Mwenye shaka anashauriwa kuwasiliana na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA).

Athari za kukosea

Kosa linalojirudia ni kujaza fomu 1040 badala ya 1040-NR, mara nyingi kwa sababu programu ya kompyuta ya kodi iliyotumika imeandaliwa kwa ajili ya wakazi. Fomu hiyo humwezesha mwanafunzi kudai nafuu asizostahili, na fedha alizopata hudaiwa pamoja na riba. Njia ya kurekebisha ni kuwasilisha ritani ya marekebisho kwa fomu 1040-X, kisha kurekebisha ya jimbo, kwa kuwa majimbo hutaka kujulishwa ritani ya shirikisho inapobadilika.

Kutowasilisha kabisa kuna hatari ya muda mrefu. Kikomo cha miaka ambacho mamlaka inaweza kumkadiria mtu kodi huanza kuhesabiwa ritani inapowasilishwa. Isipowasilishwa, kwa kanuni ya jumla kikomo hicho hakianzi. Deni la mwaka wa pili wa masomo linaweza kuibuka wakati mhitimu anaomba kazi au anapobadilisha hadhi yake ya uhamiaji na kutakiwa kuonyesha kumbukumbu za kodi.

Mambo ya kuzingatia kabla ya kuwasilisha

Mwanafunzi anashauriwa kufuata mpangilio huu:

1. Aamue kwanza hadhi yake ya shirikisho, kwa kuhesabu miaka ya kalenda tangu alipoingia Marekani kwa mara ya kwanza kama mwanafunzi.
2. Aandike tarehe zote za kuingia na kutoka, ndani ya nchi na ndani ya jimbo, na atunze tiketi, mihuri ya pasipoti na mikataba ya upangaji.
3. Asome tafsiri ya mkazi katika maelekezo ya fomu ya jimbo lake kwa mwaka husika, akiangalia hasa maana ya makao ya kudumu na iwapo wanafunzi wametajwa.
4. Aorodheshe kila jimbo alilofanyia kazi katika mwaka huo.
5. Asubiri fomu zote za mapato, hasa W-2 na 1042-S, kabla ya kuanza kujaza.
6. Akamilishe ritani ya shirikisho kwanza, kisha ya jimbo.

Tarehe ya mwisho ya shirikisho kwa aliyepata mshahara ni 15 Aprili. Asiye mkazi ambaye hakuwa na mshahara wa kukatwa kodi ana hadi 15 Juni. Majimbo mengi hufuata tarehe 15 Aprili, lakini si yote: Iowa hutumia tarehe 30 Aprili na Virginia tarehe 1 Mei. Kuongezewa muda wa kuwasilisha si kuongezewa muda wa kulipa.

Ofisi za wanafunzi wa kimataifa katika vyuo vingi hutoa programu maalumu ya kujaza fomu 1040-NR, na baadhi ya vituo vya wasaidizi wa kujitolea wanaoratibiwa na IRS huwahudumia wanafunzi wa kigeni bila malipo. Ikumbukwe kwamba huduma hizo mara nyingi huishia kwenye ritani ya shirikisho. Mwanafunzi aulize mapema iwapo ritani ya jimbo imejumuishwa, kwa sababu idara ya mapato ya jimbo haitapokea jibu kwamba ile ya shirikisho ilikwishawasilishwa.